Urujuani wa Usambara: Ua Linalopendwa Ulimwenguni, Linalokosa Makao Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, kando ya dirisha au juu ya meza ya sebuleni, huwekwa chungu kidogo chenye majani ya mviringo yenye manyoya laini na maua ya rangi ya zambarau. Wajerumani huliita ua hilo kwa jina la milima ya Usambara. Wengine huliita urujuani wa Afrika, ingawa si wa ukoo mmoja na urujuani wa Ulaya. Huuzwa kila mwaka kwa mamilioni, na aina zake zilizozalishwa na wakulima wa bustani zimefikia maelfu. Lakini katika misitu ya Tanga, ya Morogoro na ya milima ya Taita nchini Kenya, mahali ambapo Mwenyezi Mungu aliliotesha tangu mwanzo, ua hilo hilo huishi kwenye vipande vichache vya mwamba wenye kivuli, na vipande hivyo vimezidi kupungua.

Mwaka 2025 Kanisa liliadhimisha miaka 10 tangu Hayati Papa Francisko alipochapisha Waraka wa Kitume “Laudato si’”, yaani “Sifa iwe kwako”, juu ya utunzaji bora wa mazingira nyumba ya wote. Mwezi Julai mwaka huo huo, Papa Leo XIV aliadhimisha huko Castel Gandolfo Misa kwa ajili ya utunzaji wa kazi ya uumbaji, kwa kutumia sala mpya zilizoingizwa katika Misale ya Kirumi. Maadhimisho haya hayana budi kugusa ardhi halisi, yenye jina na watu wake. Ndiyo maana tunapenda kutazama ua hili moja na kujiuliza maswali mawili. Je, kiumbe huhesabiwa kuwa kimeokoka kwa sababu kinatunzwa mahali fulani duniani, hata kama nyumba yake ya asili imebomoka? Na je, nyumba hiyo yaweza kulindwa ikiwa jirani maskini anayeishi mlangoni pake ameachwa alipe gharama peke yake?

Historia yenyewe ni fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliliona ua hili karibu na mji huo na milimani, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Baba huyo alimpatia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 alilipa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Wenyeji wa milima walilijua kabla ya hapo, lakini majina yao hayakuandikwa katika vitabu vya wakati ule. Tangu hapo ua liliingia katika biashara kubwa ya maua ya vyunguni, na sehemu kubwa ya maua yanayouzwa leo ina asili yake katika mimea michache tu iliyochukuliwa Tanga katika miaka ile. Mwaka 2015 wanabotania walilihamishia katika jenasi ya Streptocarpus; hata hivyo, wapenzi wake wengi wameendelea kulitaja kwa jina la zamani.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi ua hili, linalovumilia maisha ya sebuleni, lilivyo dhaifu mwituni. Huota katika nyufa za miamba, kwenye udongo mwembamba ulioshikwa na ukoga wa kijani, mara nyingi kando ya vijito na katika makorongo ambamo jua halifiki moja kwa moja. Kinachoupa mwamba huo unyevu ni miti mikubwa iliyo juu yake: matawi yake huzuia jua na upepo mkavu, na hunasa ukungu unaopanda kutoka Bahari ya Hindi. Mti mmoja ukiangushwa, mwanga huingia, ukoga hukauka, na ua hunyauka bila mtu yeyote kuling’oa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, wala hazina uwezo wa kuvuka mashamba ya wazi kwenda kutafuta mwamba mwingine wenye kivuli. Kwa hiyo, kila kipande cha msitu kinachotengwa na kingine huwa kama kisiwa, na kundi la maua linalokufa katika kisiwa kimoja halina wa kulirithi.

Misitu hiyo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Ni misitu ya kale sana, iliyodumu kwa mamilioni ya miaka kwa sababu bahari iliendelea kuipelekea mvua hata nyakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Ndani yake wamo viumbe wengi wasiopatikana penginepo duniani. Urujuani ni mmoja tu kati yao, lakini unafaa kuwa kipimo: penye mwamba wenye ua hili, kwa kawaida kuna msitu ambao bado unafanya kazi yake.

Sababu za kupungua kwa misitu hii hazikuanza jana, wala haifai kumtwisha mzigo wote mkulima wa leo. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani, maeneo makubwa ya Usambara Mashariki yalikatwa kwa ajili ya mashamba ya kahawa, na baadaye chai ikashika nafasi hiyo. Baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970 na ya 1980, magogo yalivunwa kwa mashine, tena kwa msaada wa fedha za kigeni, mpaka uvunaji huo ulipositishwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Wanavijiji nao walipanda iliki chini ya miti: miti mikubwa ilibaki imesimama, lakini mimea yote ya chini ilifyekwa, na miche ambayo ingechukua nafasi ya miti mizee haikupata kukua. Ardhi ilipochoka, iliki iliacha nafasi kwa muhogo na mahindi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao waliingia katika mabonde ya vijito, mahali pale pale ambapo ua hili huishi.

Nchini Kenya hali ni ya wasiwasi zaidi. Aina iitwayo Saintpaulia teitensis haijulikani kuota mwituni penginepo ila katika kilima cha Mbololo, huko Taita, ambako msitu wa asili umebaki vipande vidogo kati ya mashamba na miti ya kigeni iliyopandwa. Katika Kaunti ya Kilifi, aina nyingine huota juu ya miamba ya chokaa, na chokaa ni mali inayotakiwa sana kwa ujenzi na kwa viwanda vya saruji. Katika mazingira kama hayo, uamuzi mmoja wa kufungua machimbo, au uzembe wa msimu mmoja wa moto, waweza kufuta kundi zima la maua ambalo halipo penginepo.

Wapo watakaosema kwamba hofu hii imezidi, kwa kuwa ua limejaa madirishani na katika vitalu duniani kote. Jibu la kwanza ni la kisayansi. Maua ya vyunguni yametokana na sehemu ndogo ya utajiri uliomo mwituni. Uwezo wa kuvumilia baridi, ugonjwa au ukame, ambao vizazi vijavyo vyaweza kuuhitaji, umehifadhiwa katika yale makundi madogo yaliyotawanyika milimani. Yakipotea, hakuna chungu kitakachoyarudisha.

Jibu la pili tumelishuhudia wenyewe nchini Tanzania. Katika maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aliishi chura mdogo azaaye watoto hai, aliyetegemea rasharasha za maji ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, karibu na mwaka 2000, maji yalielekezwa kwenye mitambo na rasharasha zikakoma. Baadhi ya vyura walikwisha kupelekwa Marekani, wakazalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Tangu mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa Kihansi, lakini katika korongo ambamo rasharasha zinatoka kwenye mabomba yaliyofungwa na mafundi. Tunawashukuru wote waliofanya kazi hiyo. Hata hivyo, fundisho lake ni wazi: kumtunza kiumbe ugenini ni tiba ya dharura. Gharama ya kuijenga upya nyumba iliyobomolewa ni kubwa kuliko ya kuilinda ingali imesimama, na nyumba iliyojengwa upya haifanani kabisa na ile ya kwanza.

Kwa mwamini lipo jibu la tatu, nalo ndilo la msingi. Bwana wetu, alipotaka kuwatoa wanafunzi wake katika wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwaelekeza kutazama maua ya kondeni. Hakuchagua ua la bustani ya mfalme, bali lile lisilopandwa na mtu, ambalo uzuri wake hauna faida sokoni na bado Baba wa mbinguni hulivika. Papa Francisko katika “Laudato si’” alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu hata kabla ya kumfaa mwanadamu, na kwamba kila aina inayotoweka kwa sababu yetu ni sauti mojawapo ya sifa kwa Muumba inayonyamazishwa, nasi hatuna haki ya kufanya hivyo. Ua la mwambani, lisilojulikana na wanaoishi bondeni, humsifu Mungu mahali alipoliweka. Ua la dirishani ni zuri pia, lakini haliwezi kusimama badala yake.

Hata hivyo, fundisho hilo hilo la Kanisa halituruhusu kulitazama ua na kumsahau mkulima. Kitabu cha Mwanzo kinamwonesha mtu akiwekwa bustanini kwa kazi mbili zisizotenganishwa, kulima na kutunza. Anayelima bila kutunza huacha jangwa. Naye anayetaka kutunza huku akimnyang’anya mwingine mahali pa kulima huacha njaa. Papa Francisko alisisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikika pamoja. Usambara Mashariki ni mahali ambapo vilio hivyo viwili vimesikika kwa uwazi.

Mwaka 1997 ilianzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000, nayo imekuwa ngome kubwa ya misitu iliyobaki. Ili vipande vya msitu viunganike, mwanzoni mwa karne hii eneo la Derema lilitengwa kuwa ushoroba, na zaidi ya wakulima elfu moja waliokuwa na mazao humo, hasa iliki, walitakiwa kuyaacha kwa fidia. Kwa upande wa viumbe, nia ilikuwa njema na yenye busara, kwa kuwa bila ushoroba kila kipande kingebaki kisiwa. Kwa upande wa watu, malalamiko juu ya kiasi cha fidia, ucheleweshaji na ardhi mbadala yalidumu kwa miaka. Iliki ilikuwa zao lililowapa wanakijiji fedha taslimu: ndiyo ada ya shule, ndiyo dawa, ndiyo bati la nyumba. Fidia inayolipwa mara moja haiwezi kuziba nafasi ya kipato cha kila mwaka, isipokuwa kama imeambatana na njia nyingine ya kuishi.

Njia nyingine zilitafutwa, na baadhi zilionesha matumaini. Wanavijiji wa Amani walianza kufuga vipepeo na kuuza mabuu yake nje ya nchi, na wengine wakakusanya mbegu za mti wa msambu, ambazo mafuta yake hutafutwa na viwanda vya chakula. Kipato cha namna hiyo humfanya mkulima kuwa mlinzi wa msitu kwa hiari yake, maana msitu ukikatwa naye hukosa. Lakini marufuku ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa nia ya kukomesha biashara haramu, iliwagusa pia wafugaji hao wa vipepeo. Tunaheshimu wajibu wa Serikali wa kulinda wanyamapori. Hata hivyo, sera zinazopangwa kwa ajili ya kuwadhibiti wahalifu wakubwa zinapaswa kupimwa pia kwa jinsi zinavyomfikia mwenye kibanda kimoja cha vipepeo pembezoni mwa msitu.

Hapa ndipo linapojitokeza swali la haki kati ya mataifa. Ua lililotoka Usambara limetajirisha wengi, na milima lilikotoka haijapata sehemu katika utajiri huo. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulitambua haki ya kila nchi juu ya viumbe vyake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliweka taratibu za kugawana manufaa. Lakini taratibu hizo hazirudi nyuma hadi mimea iliyochukuliwa miaka ya 1890. Mwezi Februari 2025, mjini Roma, ulizinduliwa Mfuko wa Cali, ambamo makampuni yanayonufaika na taarifa za vinasaba vya viumbe zilizohifadhiwa kidijitali, yakiwemo ya uzalishaji wa mimea, yanatarajiwa kuchangia, na angalau nusu ya fedha hizo ielekezwe kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Ni hatua ya kupongezwa, lakini uchangiaji wake umeachwa katika dhamiri za wenye makampuni. Kadiri deni la kiikolojia, ambalo Papa Francisko alilitaja kuwa linazikabili nchi tajiri mbele ya nchi maskini, litakavyoendelea kulipwa kwa hiari tu, maskini wataendelea kuombwa kulinda bure kile ambacho wengine wameuza kwa faida.

Wala haki hii si ya kimataifa peke yake. Mto Zigi, unaoanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, ndio tegemeo kuu la maji ya jiji la Tanga kupitia bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya kupanua miundombinu ya maji. Walionunua hatifungani hiyo wameweka imani yao katika mto, na mto umeweka imani yake katika kivuli kile kile kinacholilinda ua la mwambani. Basi ni haki kwamba sehemu ya thamani ya maji hayo ipande tena mlimani, imfikie mkulima anayeacha miti kando ya kijito, anayetengeneza makinga maji shambani na anayeacha kulima ukingoni. Malipo ya namna hiyo yasionekane kuwa sadaka. Ni ujira wa mtu anayefanya kazi ambayo mji mzima unaifaidi.

Kutokana na tafakari hii tunaona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza linazihusu taasisi. Serikali ya Tanzania imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unakusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Seminari, shule, hospitali na nyumba za watawa zinaweza kuwa mfano katika jambo hili, na kuwa mfano pia kwa kudai hati halali ya kila ubao unaonunuliwa kwa ajili ya mabenchi na mapaa ya makanisa. La pili linahusu ardhi. Parokia nyingi za milimani zina mashamba yenye vijito na miamba. Kabla ya kufyeka, inafaa kumwita mtaalamu wa misitu na wazee wanaojua mimea, ili ijulikane ni nini kinachoishi pale. Na panapopandwa miti, ipandwe ya asili ya mahali hapo, si ile tu inayokua haraka.

La tatu linahusu malezi. Watoto wetu wanawatambua simba na tembo kwa picha, na ni vema. Lakini wengi wa wanaokulia chini ya milima hii hawajaambiwa kwamba ua linalopendwa ulimwenguni ni jirani yao. Katekista anayewapeleka watoto wa Utoto Mtakatifu hadi mwambani, akawaonesha ua hilo na kuwafundisha kutoling’oa, anafundisha somo la uumbaji lenye uzito sawa na lile la darasani. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nazo, zinapokutana kwa tafakari, zaweza kuuliza swali rahisi: katika eneo letu, ni chanzo gani cha maji kilichokauka katika maisha yetu, na ni miti gani iliyokuwa juu yake?

Wongofu wa kiikolojia ambao Mama Kanisa anatuitia hupimwa mahali kama Amani, Mbololo na Uluguru, ambapo kipande cha mwamba chenye upana wa mlango chaweza kuwa makao ya mwisho ya aina nzima ya ua. Kulilinda hakuhitaji kumfukuza mtu, bali kunahitaji kwamba anayeishi karibu nalo awe na sababu ya kulipenda na chakula cha kuwalisha watoto wake huku akilipenda. Dunia imekwisha kuthibitisha kwamba inajua kulilea ua hili mbali na kwao. Jukumu la kulilinda nyumbani kwao liko mikononi mwa wakulima wa milimani, watu wa mabondeni wanaokunywa maji yake, viongozi wenye mamlaka ya kupanga, na mataifa yaliyonufaika nalo kwa zaidi ya miaka 130. Na kila mmoja abebe sehemu yake kadiri ya uwezo wake.